Msimu wa 2007 wa NFL: Majibu kwa Maswali Yenu

Wiki mbili zilizopita niliandika katika safu hii kwamba New England Patriots walishinda mechi 18 mfululizo katika msimu wa 2007 na bado hawakutwaa ubingwa wa futiboli ya Marekani. Maswali yaliyofuata ni mengi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechagua yanayogusana, na yaliyofanana nimeyaunganisha. Wanaoujua mchezo huu wanivumilie pale nitakaposimama kueleza sheria, kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye soka.

Timu ishinde mechi zote 16 halafu isiwe bingwa? Kwani huko hawahesabu pointi za msimu? (Msomaji, Mwanza)

Hawahesabu kama tulivyozoea. NFL, yaani ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ina timu 32 zilizogawanywa pande mbili, AFC na NFC, na kila upande una divisheni nne za timu nne nne. Mwaka 2007 kila timu ilicheza mechi 16 za msimu wa kawaida. Kazi ya mechi hizo ilikuwa kupata timu 12 za kuingia kwenye mchujo, sita kila upande, na kuamua nani atacheza nyumbani. Mkishaingia kwenye mchujo, ushindi wa nyuma hauwasaidii tena. Inachezwa mechi moja, ukifungwa unafungasha virago, na hakuna marudiano.

Patriots walishinda zote 16. Kwenye mchujo wakawafunga Jacksonville Jaguars 31-20, wakawafunga San Diego Chargers 21-12, ikabaki fainali tu, yaani Super Bowl, tarehe 3 Februari 2008 huko Glendale, Arizona. Waliokutana nao ni New York Giants, timu iliyomaliza msimu wa kawaida kwa kushinda 10 na kupoteza 6. Giants wakashinda 17-14.

Je, imewahi kutokea timu ikamaliza mwaka mzima bila kufungwa? (Msomaji, Eldoret)

Ndiyo, moja tu tangu Super Bowl ianze: Miami Dolphins wa 1972, chini ya kocha Don Shula. Wakati huo msimu ulikuwa wa mechi 14. Walishinda zote, wakaongeza tatu za mchujo, ya mwisho ikiwa 14-7 dhidi ya Washington. Jumla ni 17-0, na hadi leo hakuna aliyewafikia.

Nini hasa kiliwafanya Patriots wawe moto kiasi hicho? Tom Brady alikuwepo miaka yote, mbona mwaka huo tu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali zuri, maana Brady alikuwa na mataji matatu tayari kabla ya 2007, lakini akiwa kwotabeki wa timu iliyosifika zaidi kwa ulinzi. (Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushe kwa nani.) Kilichobadilika ni watu aliowarushia.

Kabla ya msimu, Patriots waliwachukua wapokeaji wawili. Wes Welker alitoka Miami, kijana mfupi, mwepesi kugeuka, anayekimbia njia fupi fupi katikati ya uwanja. Randy Moss alitoka Oakland Raiders, mrefu, mwenye mbio za ajabu, ambaye wengi walikuwa wameshamwandika kuwa amekwisha. Gharama ya Moss ilikuwa nafasi moja ya raundi ya nne katika uteuzi wa vijana wanaotoka vyuoni. Ni bei ndogo sana kwa kilichofuata.

Sasa jiweke mahali pa kocha wa ulinzi. Ukiweka watu wawili nyuma wamchunge Moss, katikati panabaki wazi na Welker anakuibia yadi nane nane hadi mnafika golini. Ukirudi kumziba Welker, Moss anabaki na beki mmoja, na mpira unapita juu. Msimu ule Brady alirusha pasi 50 za tachidauni, rekodi wakati huo, na Moss peke yake akadaka 23, akiipita rekodi ya 22 ya Jerry Rice ya mwaka 1987. (Tachidauni ni kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la mpinzani, na inakupa pointi sita.) Timu ilifikisha pointi 589, jumla kubwa kuliko zote zilizowahi kufungwa hadi siku hiyo. Washington walipigwa 52-7, Buffalo Bills wakapigwa 56-10 kwao wenyewe.

Rekodi hizo mbili, ya pasi na ya pointi, zilivunjwa zote mwaka 2013 na Peyton Manning na Denver Broncos. Ile ya Moss bado inasimama.

Nimesikia walikuwa wakipiga picha za siri. Ukweli wake ni upi, na kwa nini ushindi wao haukufutwa? (Msomaji, Nairobi, na wengine watatu)

Tarehe 9 Septemba 2007, katika mechi yao ya kwanza kabisa, dhidi ya New York Jets, mfanyakazi wa Patriots alikamatwa kando ya uwanja akiwa na kamera. Alikuwa akirekodi ishara za mikono za makocha wa ulinzi wa Jets.

Lazima nieleze ishara zenyewe. Katika mchezo huu kila shambulizi hupangwa upya. Kabla mpira haujaanza, kocha wa ulinzi huwaambia vijana wake wajipange vipi: nani amkimbilie kwotabeki, nani abaki nyuma. Wakati huo ujumbe ulipelekwa kwa ishara za mikono kutoka pembeni. Ukiwa na picha ya ishara pamoja na kilichotokea baada yake, unaweza kukaa mkaisoma kama kamusi, na mkikutana tena mnajua mapema kinachokuja. Kuzitazama ishara hizo kwa macho, hata kuziandika kwenye karatasi, ni halali na timu nyingi hufanya. Kilichokatazwa ni kamera mahali pale, na mwaka mmoja kabla ligi ilikuwa imeziandikia timu zote kuzikumbusha.

Siku nne baadaye kamishna Roger Goodell alitoa hukumu. Kocha Bill Belichick alitozwa dola 500,000, klabu dola 250,000, na Patriots wakanyang'anywa nafasi yao ya raundi ya kwanza katika uteuzi wa 2008. Kisha ligi ikaziharibu kanda zenyewe, na hapo ndipo mimi nalaumu. Ukitaka watu waamini kwamba umelimaliza jambo, huchomi ushahidi. Seneta Arlen Specter wa Pennsylvania alilipigia kelele suala hilo, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu kufutwa kwa ushindi: kamera ilikamatwa siku ya kwanza ya msimu. Mechi 15 zilizofuata zilichezwa nchi nzima ikiwatazama kwa jicho la mashaka, na walizishinda. Kwa hiyo sioni hoja ya kuzifuta. Doa limebaki, na ni lao, kwa sababu hawakuhitaji kufanya hivyo. Niongeze jambo moja la haki kwao. Siku moja kabla ya Super Bowl, gazeti moja la Boston liliandika kwamba Patriots waliwahi kurekodi mazoezi ya St. Louis Rams kabla ya fainali ya 2002. Miezi mitatu baadaye gazeti hilo liliikana habari hiyo na kuomba radhi. Bado nakutana na watu wanaoirudia kama ukweli.

Hivi hakuna aliyewakaribia kabla ya fainali? (Msomaji, Zanzibar)

Wapo. Indianapolis Colts, waliokuwa mabingwa watetezi, walikuwa mbele hadi robo ya mwisho wakafungwa 24-20. Philadelphia Eagles, wakimtumia kwotabeki wa akiba, walipoteza 31-28. Lakini ile ya Baltimore, Jumatatu usiku ya tarehe 3 Desemba, ndiyo ya kusimuliwa.

Baltimore Ravens walikuwa na msimu mbaya. Usiku ule walicheza kama wamekula kiapo, na zikiwa zimebaki kama dakika mbili waliongoza 24-20. Sheria inasema una majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Patriots walifika jaribio la nne wakihitaji yadi moja. Brady alijisukuma mwenyewe katikati, akazuiwa. Uwanja ukalipuka, mechi imekwisha. Kumbe sekunde moja kabla mpira haujaanza, kocha wa ulinzi wa Ravens, Rex Ryan, alikuwa ameomba muda wa mapumziko kutoka pembeni, na mwamuzi akampa. Jaribio likarudiwa. Patriots wakazuiwa tena, lakini safari hii mchezaji wao mmoja alikuwa ametikisika kabla ya wakati, kosa lililobatilisha jaribio zima, wakarudishwa yadi tano na kupewa nafasi nyingine. Brady akakimbia mwenyewe akapata yadi alizohitaji. Mbele kidogo walifika tena jaribio la nne, pasi ikaanguka chini, lakini beki wa Ravens alikuwa amemshika mpokeaji. Adhabu. Zikiwa zimebaki sekunde 44, Jabar Gaffney akadaka pasi ya tachidauni. 27-24.

Hata hapo haikuisha. Pasi ya mwisho ya Ravens, ndefu, ilidakwa na Mark Clayton muda ukiwa umeisha, akaangushwa hatua chache tu kabla ya mstari.

Ukiitazama mechi hiyo unaelewa kwamba mlango ulikuwa wazi miezi miwili kabla ya fainali.

Mechi ya mwisho ya msimu, Patriots na Giants, inasemekana haikuwa na maana kwa Giants. Kwa nini kocha wao asiwapumzishe nyota wake? (Msomaji, Arusha)

Hili ndilo swali nililotamani liulizwe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ilikuwa tarehe 29 Desemba 2007, usiku, New Jersey. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na robo alfajiri ya tarehe 30, siku ambayo matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalitangazwa. Wakenya hawahitaji kuelezwa kwa nini wachache sana kati yao wanaikumbuka mechi hiyo.

Giants walikuwa wameshafuzu wiki moja kabla, kwa kuwafunga Bills 38-21 mjini Buffalo. Nafasi yao ya tano upande wa NFC isingepanda wala kushuka, washinde au wafungwe. Wiki moja baadaye walikuwa na mechi ya mtoano ugenini. Desturi ya ligi inajulikana: kwenye mechi kama hiyo unampa kwotabeki wako kofia na koti akae benchi, kwa sababu goti likivunjika umepoteza mwaka kwa ajili ya takataka. Patriots nao nafasi yao ya kwanza ilikuwa imeshafungwa, ila walikuwa wanaitafuta 16-0. Mechi ilisubiriwa kiasi kwamba ilirushwa na vituo vitatu vya televisheni vya taifa kwa wakati mmoja.

Tom Coughlin, kocha wa Giants, aliwapanga wote. Kwotabeki wao, Eli Manning, alirusha tachidauni nne. Robo ya tatu Giants waliongoza 28-16, na mtu yeyote aliyekuwa akitazama aliona kitu ambacho hakijaonekana mwaka mzima: Patriots wakisukumwa nyuma. Kisha ikaja robo ya nne. Brady alirusha mpira mrefu upande wa kulia kwa Moss, aliyekuwa wazi kabisa, ukamponyoka. Timu nyingi hapo zingebadilisha. Shambulizi lililofuata Brady alirusha mpira uleule, upande uleule, kwa mtu yuleyule, na safari hii Moss akaudaka bila kupunguza mwendo. Yadi 65. Pasi hiyo moja ndiyo iliyokuwa ya 50 kwa Brady na ya 23 kwa Moss, na ikawarudisha Patriots mbele. Walishinda 38-35.

Giants walilipa gharama. Walitoka uwanjani wakiwa na majeruhi, akiwemo mchezaji wa katikati Shaun O'Hara. Kesho yake wapo waliomwona Coughlin hana busara. John Madden, kocha mstaafu na mtangazaji mkubwa wa mchezo huu, alimwachia ujumbe kwenye simu akimshukuru na kumwambia hilo lilikuwa jambo jema kwa ligi nzima.

Msimamo wangu ni kwamba Super Bowl ile ilianza usiku huo. Giants waliingia kwenye mechi hiyo wakiwa timu isiyojulikana iko daraja gani. Wakatoka wakijua, kwa miili yao, kwamba Patriots wanafikika. Walinzi wao walimwona Brady kwa karibu dakika 60 na kujua anapoushikilia mpira na anapouachia. Mtu anayepumzisha wachezaji wake hawezi kununua elimu hiyo popote. Najua hoja ya upande wa pili ni nzito, maana majeruhi mmoja zaidi na tungekuwa tunamcheka Coughlin hadi leo. Bado nasema alifanya kazi ya kocha: aliyelipia tiketi alipewa mechi, na vijana wake walipewa imani.

Giants walifikaje fainali wakiwa wameshika nafasi ya tano? (Msomaji, Bukoba)

Kwa miguu ya wageni. Mechi zao zote tatu za mchujo upande wa NFC zilikuwa ugenini.

Msimu wenyewe waliuanza vibaya. Walifungwa 45-35 na Dallas Cowboys, wakafungwa 35-13 na Green Bay Packers, pointi 80 kwa mechi mbili, na New York nzima ikataka Coughlin afukuzwe. Mechi ya tatu dhidi ya Washington ndiyo iliyowainua: dakika za mwisho Washington wakiwa karibu kabisa na mstari, ulinzi wa Giants ukawazuia, 24-17. Mwezi Oktoba walikwenda London na kuwafunga Dolphins 13-10 uwanjani Wembley, mvua ikinyesha, mbele ya watazamaji 81,176. Hiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida wa NFL kuchezwa nje ya bara la Amerika Kaskazini.

Kwenye mchujo waliwafunga Tampa Bay Buccaneers 24-14, kisha Cowboys 21-17, Cowboys haohao waliokuwa wamewafunga mara mbili mwaka ule. Tarehe 20 Januari wakaenda Green Bay, Wisconsin. Nyuzi joto zilikuwa 18 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na upepo juu yake. Uso wa Coughlin ulikuwa mwekundu kiasi cha kuogofya. Lawrence Tynes, mpiga mpira wao (anayeupiga kwa mguu upite katikati ya nguzo kwa pointi tatu), alikosa mara mbili katika robo ya nne, ya pili ikiwa sekunde za mwisho kabisa, na mechi ikaenda muda wa nyongeza ikiwa 20-20. Hapo Brett Favre wa Packers, ambaye mwaka uleule alikuwa ameivunja rekodi ya pasi za tachidauni za maisha ya mchezaji, alirusha mpira ukadakwa na Corey Webster wa Giants. Nguzo hazikuwa karibu, yadi 47, umbali mkubwa kuliko zile mbili alizokosa. Tynes hakusubiri aambiwe. Alikimbia mwenyewe uwanjani, akapiga, ukapita katikati ya nguzo, naye akaendelea kukimbia moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo. Pasi ile ilikuwa ya mwisho ya Favre akiwa na jezi ya Packers.

Tueleze ule mpira wa kwenye kofia. Nimeuona mara nyingi lakini sielewi kwa nini unatukuzwa hivyo. (Msomaji, Lubumbashi)

Kwanza ujue hali ilivyokuwa. Kwa muda mwingi ulinzi wa Giants ulikuwa umeibana ile timu ya pointi 589. Kocha wa ulinzi, Steve Spagnuolo, alitumia watu wanne wa mbele kumkimbilia Brady na kuwabakiza saba nyuma kuwachunga wapokeaji. Kwa kawaida wanne hawatoshi. Hawa walitosha, kwa sababu Justin Tuck, ambaye ni mtu wa pembeni, aliingizwa katikati dhidi ya wakingaji wazito wa Brady wasioweza kwenda na mbio zake, huku Michael Strahan na Osi Umenyiora wakija kutoka pande mbili. Brady aliangushwa mara tano usiku ule. Katika mechi 16 za msimu wa kawaida alikuwa ameangushwa mara 21 tu. Mara nyingine nyingi aliachia mpira huku anapigwa.

Robo ya tatu Belichick alikuwa na nafasi ya kupiga mpira wa pointi tatu kutoka mbali, kama yadi 49. Akakataa, akajaribu jaribio la nne la yadi 13, pasi ikapotea. Mwishowe walipoteza kwa pointi tatu. Hilo halisemwi vya kutosha.

Dakika 2 na sekunde 42 kabla ya mwisho, Brady akampata Moss, Patriots 14, Giants 10. Giants walianza safari ya yadi 83. Walishafika jaribio la nne na yadi moja, Brandon Jacobs akapenya. Kisha pasi ya Manning ikapita kwenye vidole vya Asante Samuel wa Patriots, aliyeruka. Angeudaka, leo tungezungumzia 19-0.

Shambulizi lililofuata: jaribio la tatu, yadi tano, imebaki dakika moja na sekunde 15. Jarvis Green na Richard Seymour wanamshika Manning jezi, yuko karibu kuanguka. Anachomoka, anarudi nyuma hatua kadhaa, anasimama na kurusha mpira juu katikati ya uwanja. David Tyree anaruka. Huyu si mpokeaji wa kutegemewa. Msimu mzima wa kawaida alikuwa amedaka mipira minne. Anaushika kwa mikono miwili, mkono wa Rodney Harrison unaupiga, mkono mmoja wa Tyree unatoka, naye anaubana mpira kwa mkono wa kulia dhidi ya kofia yake. Wanaanguka pamoja, Harrison akimvuta mkono hadi chini. Mpira haukugusa nyasi. Ungegusa, pasi isingehesabiwa. Yadi 32.

Baada ya hapo Steve Smith akawapa yadi 12 kwenye jaribio jingine la tatu, na zikiwa zimebaki sekunde 35 Plaxico Burress, aliyekuwa akicheza na maumivu, akamhadaa Ellis Hobbs na kubaki peke yake kwenye kona. 17-14. Tyree hakudaka tena mpira wowote katika NFL.

Kwetu ilikuwa karibu na alfajiri ya Jumatatu, kwa wale waliokesha tangu saa nane na nusu.

Unaandika Patriots na Giants tu. Timu nyingine zilikwenda wapi? (Msomaji, Kisumu)

Una haki. Kwa ufupi: Dolphins, klabu ileile ya 1972, walifungwa mechi 13 mfululizo kabla ya Greg Camarillo kuwaokoa kwa tachidauni ya yadi 64 katika muda wa nyongeza dhidi ya Ravens, wakamaliza 1-15. Adrian Peterson wa Minnesota Vikings, kijana wa mwaka wa kwanza, alikimbia yadi 296 katika mechi moja tarehe 4 Novemba dhidi ya Chargers, na rekodi hiyo bado ipo. Katika mechi hiyohiyo Antonio Cromartie wa Chargers aliuokota angani mpira uliokosa nguzo na kukimbia nao yadi 109, uwanja mzima.

Nilikuwa nikiishi Maryland wakati Sean Taylor alipouawa. Naomba umkumbuke. (Msomaji, Tanga)

Asante, dada. Sean Taylor alikuwa beki wa nyuma wa Washington, miaka 24, mmoja wa wakali wa kizazi chake. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba 2007 wezi walivunja nyumba yake Miami, mchumba wake na binti yao mdogo wakiwa ndani. Alipigwa risasi mguuni, mshipa mkubwa wa damu ukakatika, akafariki kesho yake.

Jumapili iliyofuata Washington walicheza na Bills. Mara ya kwanza ulinzi wao ulipoingia uwanjani, waliingia watu 10 badala ya 11, nafasi yake ikaachwa wazi. Walipoteza 17-16, na sehemu ya mwisho ilitokana na kocha Joe Gibbs kuomba mapumziko mawili mfululizo, jambo lisiloruhusiwa, adhabu ikamsogeza mpiga wa Bills yadi 15 karibu na nguzo. Sijawahi kumlaumu Gibbs kwa hilo. Alikuwa na msiba. Kesho yake klabu nzima ilisafiri kwenda Florida kuzika, kisha wakarudi wakashinda mechi nne zilizobaki na kuingia kwenye mchujo. Ya mwisho waliwafunga Cowboys 27-6, tofauti ya pointi 21. Jezi ya Taylor ilikuwa namba 21.

Kulikuwa na Mwafrika yeyote kwenye kikosi cha Giants? Na Amani Toomer ni wa kwetu? (Msomaji, Mombasa)

Toomer, mpokeaji wa Giants, ni mzaliwa wa Berkeley, California. Jina tu ndilo limevuka bahari.

Umenyiora ndiye wa kumtazama. Alizaliwa London kwa wazazi Wanigeria, akakulia Nigeria kwa sehemu ya utoto wake, akahamia Alabama akiwa kijana wa miaka 14 bila kuujua mchezo huu. Tarehe 30 Septemba 2007 alimwangusha kwotabeki wa Eagles mara sita katika mechi moja. Baada ya kustaafu alianza kutafuta vijana wenye vipaji barani Afrika, na NFL imefanya kambi zake Accra mwaka 2022 na Nairobi mwaka 2023.

Kwa upande wa Kenya, Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Colts mwaka 2013, bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani kabla ya hapo, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani.

Je, Patriots walilipiza kisasi? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Mwaka 2008 Brady aliumia goti katika robo ya kwanza ya mechi ya kwanza na akakosa msimu wote uliobaki. Walikutana tena na Giants kwenye Super Bowl ya Februari 2012, Indianapolis. Coughlin na Manning walikuwepo bado, na Giants wakashinda 21-17.